Kompyuta Mbili Nyuma ya NAT: Kwa Nini Dodoma Haiioni Kibaigwa, na Namna ya Kuzikutanisha

Mfanyabiashara wa mahindi ana ofisi mjini Dodoma, upande wa Sabasaba, na ghala Kibaigwa. Ofisini kuna intaneti ya waya. Ghalani kuna ruta ndogo ya laini ya simu, imewekwa juu ya kabati. Kompyuta ya mjini inafungua tovuti yoyote, ya ghalani vilevile. Lakini mhasibu akitaka kuvuta faili la mizani la jana, hana pa kupigia hodi. Akiandika 192.168.1.20, anwani iliyobandikwa kwa karatasi kwenye kompyuta ya ghalani, inaitika printa ya ofisini kwake.

Wengi huishia kutumiana faili kwa WhatsApp, au kulipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni iliyoko nje ya nchi na kulishusha tena. Kwa faili la kilobaiti 200 hakuna ubaya. Kwa kamera nne za ghala, au programu ya mauzo inayoandika kila gunia linalopimwa, njia hiyo inachosha watu na inakula bando mara mbili. Makala haya yanaeleza kinachozuia kompyuta hizo mbili kuongea ana kwa ana, yaani NAT, ubadilishaji wa anwani unaofanywa na ruta, namna ya kukipita, na pale ambapo hakipitiki.

NAT inafanya nini hasa

Anwani za IPv4, zile za namba nne kama 192.168.1.20, zina biti 32, kwa hiyo dunia nzima hazifiki bilioni 4.3. IANA, yenye hazina ya dunia, iligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. AFRINIC, inayoigawia Afrika, tangu Januari 2020 haitoi zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Kampuni ya simu yenye mamilioni ya wateja haina namna ya kumpa kila mmoja anwani yake. NAT ilipendekezwa mwaka 1994 kama dawa ya muda ya uhaba huu, na muda huo bado haujaisha.

Ndani ya ofisi kila kifaa hupewa anwani kutoka mafungu matatu yaliyotengwa kwa matumizi ya ndani: 10.0.0.0 hadi 10.255.255.255, 172.16.0.0 hadi 172.31.255.255, na 192.168.0.0 hadi 192.168.255.255. Yeyote anaruhusiwa kuyatumia bila kuomba. Ndiyo maana 192.168.1.20 ipo Sabasaba, ipo Kibaigwa, na ipo kwenye nyumba zisizo na idadi kule Area D. Ikitoka nje ya geti haimtambulishi mtu.

Tuifuate pakiti moja, yaani kipande kimoja cha data, ikitoka ghalani. Kompyuta yenye anwani 192.168.1.20 inatuma pakiti ya UDP (njia ya kutuma bila kufungua muunganisho kwanza) kutoka poti 51820, yaani namba ya mlango wa programu, kwenda seva 198.51.100.9, poti 3478. (Isipokuwa 8.8.8.8 utakayoikuta mbele, anwani za umma tunazotaja humu ni zile zilizotengwa kwa ajili ya mifano, hakuna mtu upande wa pili.) Ruta inaipokea, inafuta anwani ya mtumaji na kuandika ya kwake, 203.0.113.7. Inachagua poti iliyo huru, tuseme 40112, kisha inaandika mstari kwenye jedwali lake: poti 40112 ya nje ni ya 192.168.1.20:51820 ya ndani, na imeongea na 198.51.100.9:3478. Seva ikijibu, hujibu kwa 203.0.113.7:40112. Ruta inatazama jedwali, inaukuta mstari, inaingiza jibu ndani.

Sasa ije pakiti kutoka Dodoma kwenda hiyohiyo 203.0.113.7, bila kuitwa. Ruta inatazama jedwali, haioni mstari, inaitupa kimyakimya. Kwa mtumaji, ghala lililofungiwa na NAT na ghala ambalo umeme umekatika vinafanana kabisa: vyote viwili havijibu.

Mstari wa jedwali una umri. Kwa UDP, mwongozo wa RFC 4787 wa mwaka 2007 unataka usifutwe kabla ya dakika 2 za ukimya, na unapendekeza 5. Ruta za dukani haziufuati sana. Nyingi zimejengwa juu ya Linux, ambayo ikiachwa ilivyo hufuta mstari wa UDP usiopata jibu baada ya sekunde 30, na ule wenye majibizano baada ya 120. Zishike hizo sekunde 30, tutazihitaji mbele.

Kitu kimoja tukiweke sawa mapema: NAT hubadilisha anwani, fayawoli huamua nani apite. Kwa kuwa vyote viwili hukaa ndani ya boksi moja, watu huviita jina moja. Ukifika kwenye IPv6, aina mpya ya anwani zilizo ndefu zaidi, utaona kwamba kimoja kinaweza kuondoka na kingine kikabaki.

Ukuta wa pili, usioonekana

Dawa ya kwanza ya mafundi wengi ni kufungua poti kwenye ruta: unaingia ukurasa wa mipangilio, unaandika kwamba chochote kinachokuja kwenye poti fulani kipelekwe 192.168.1.20, unahifadhi, unawasha upya. Ni dawa sahihi kwa sharti moja: anwani ya umma iwe mikononi mwa ruta yako yenyewe. Kwa laini ya simu, mara nyingi sivyo. Kampuni nayo ina NAT yake kubwa, inayoitwa CGNAT, na wateja mamia au maelfu wako nyuma ya anwani moja ya umma. Ukifungua poti kwenye ruta ya ghalani umefungua mlango wa chumba, na geti la nje limefungwa na ufunguo wake huna.

Kupima ni kazi ya dakika tano. Ingia kwenye ukurasa wa ruta (mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1), tafuta sehemu inayoonyesha anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje wa ruta. Kisha, ukiwa umeunganishwa na ruta hiyohiyo, fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya nje. Zikilingana, una anwani ya umma. Zikitofautiana, kuna NAT nyingine juu yako. Anwani ya WAN ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255 hakuna haja hata ya kulinganisha, maana fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya CGNAT tu. Ikianza na 10 jibu ni lilelile. Kwenye Windows unaweza pia kuandika `tracert -d 8.8.8.8` na kusoma mistari ya mwanzo: wa kwanza ni ruta yako, na wa pili ukisoma 100.72 na kitu, umeliona geti.

Fundi anayedai hela ya kufungua poti kabla ya kufanya kipimo hiki, mwombe asubiri kwanza.

Hata wenye waya wasijiamini haraka. Boksi la mtoa huduma likifuatiwa na ruta uliyonunua mwenyewe, una NAT mbili ndani ya chumba kimoja, na poti lazima ifunguliwe kwenye zote mbili au boksi la kwanza ligeuzwe kuwa daraja tu.

Upande mmoja unatosha

Kabla ya kuingia kwenye ufundi mgumu, kuna jambo ambalo huokoa kazi nyingi: haihitajiki pande zote mbili ziwe na anwani ya umma. Mmoja akiwa nayo, mwenzake anampigia kutoka ndani, na mazungumzo yakishaanza yanakwenda pande zote mbili. Baadhi ya watoa huduma huuza anwani ya umma isiyobadilika kwa wateja wa biashara. Uliza kwa laini ya ofisi ya mjini, kwa sababu huko ndiko kwenye waya na umeme wa kuaminika zaidi. Ghala liwe ndilo linalopiga.

Kwa mpango huo WireGuard, programu ya kujenga njia ya siri kati ya kompyuta mbili (VPN), inatosha peke yake. Mjini unafungua poti moja tu, UDP 51820. Ghalani unaandika kwenye faili la mipangilio `Endpoint = 203.0.113.50:51820` na chini yake `PersistentKeepalive = 25`. Mstari huu wa pili ndio watu husahau. Unaifanya kompyuta ya ghalani itume pakiti ndogo kila sekunde 25, chini kidogo ya zile sekunde 30, ili jedwali la NAT lisimsahau. Ukiuacha, mambo yatakwenda vizuri wakati wa kufunga, fundi ataondoka, na asubuhi mjini hawatalipata ghala mpaka mtu wa ghalani aguse kitu.

Gharama ya bando ni ndogo. Pakiti hiyo ina baiti 60 pamoja na vichwa vyake. Kwa siku zinatoka 3,456, ambazo ni kama 0.2 MB. Ongeza salamu za kubadilishana funguo kila dakika 2 hivi, na jumla haifiki nusu MB kwa siku.

Usifungue poti 3389 ya kuendeshea Windows kwa mbali, wala ukurasa wa boksi la kamera, moja kwa moja kwenye intaneti. Poti hizo hupekuliwa na programu za wezi mchana na usiku, na boksi la kamera lenye nenosiri la kiwandani ni mali ya atakayefika wa kwanza. Poti ya WireGuard haimjibu asiye na ufunguo, kwa hiyo anayepekua haoni kama kuna kitu.

Kutoboa tundu kutoka pande zote mbili

Sasa tuseme anwani ya umma haipo popote. Sabasaba wako nyuma ya NAT, Kibaigwa wako nyuma ya CGNAT. Hapa ndipo penye ujanja wenyewe, nao umejengwa juu ya tabia tuliyoiona: NAT humwingiza ndani yule tu ambaye mtu wa ndani alimwandikia kwanza. Basi wote wawili waandikiane kwanza.

Shida ni kwamba hawajuani. Kompyuta ya ghalani inajua kuwa ni 192.168.1.20:51820; haijui kwamba nje inaonekana kama 203.0.113.7:40112, kwa sababu ubadilishaji ulifanyika baada ya pakiti kuondoka mkononi mwake. Anayejua ni yule aliyeipokea. Kwa hiyo inaiuliza seva ya STUN iliyoko nje, kwa kawaida kwenye poti 3478, swali lenye kichwa cha baiti 20 na si zaidi: unaniona nikitokea wapi? Seva inajibu kwa kuandika anwani na poti iliyoiona. Jibu huchanganywa kwa hesabu ya XOR na namba maalumu, kwa sababu kuna ruta zinazojifanya kusaidia: zikiona ndani ya pakiti tarakimu zinazofanana na anwani ya nje, zinazibadilisha kuwa ya ndani, na jibu linafika likiwa limeharibika.

Dodoma nao wanauliza swali lilelile na kujibiwa, tuseme, 192.0.2.33:61007. Kisha kila upande unapeleka anwani yake kwa seva ya kukutanishia, kupitia muunganisho wa kawaida wa poti 443 ambao kila mmoja ameufungua mwenyewe kutoka ndani. Seva hiyo ni kama dalali wa pale sokoni Kibaigwa: inamwambia mnunuzi muuzaji yuko wapi, inamwambia muuzaji mnunuzi ni yupi, kisha inakaa pembeni. Mahindi hayapiti mikononi mwake.

Sasa wanapigiana. Dodoma inatuma kwenda 203.0.113.7:40112. Pakiti ikitoka, NAT ya Dodoma inaandika mstari: nimeongea na 203.0.113.7:40112. Inafika Kibaigwa, NAT ya huko haina mstari wa Dodoma, inatupwa. Hakuna hasara, maana kazi yake ilikuwa kuandika ule mstari nyumbani. Muda mfupi baadaye Kibaigwa inatuma kwenda 192.0.2.33:61007. Nayo ikitoka inaandika mstari kwa NAT yake, na ikifika Dodoma inakuta mstari unaoingojea. Inapita. Dodoma inajibu, na jibu linakuta mstari upande wa Kibaigwa. Njia imefunguka pande zote mbili, na kuanzia hapo data inakwenda moja kwa moja.

Hazihitaji kupiga kwa sekunde ileile. Programu hutuma tena na tena, kila sehemu ya sekunde, kwa sekunde kadhaa. Kinachotakiwa ni mistari yote miwili iwe hai kwa wakati mmoja.

Anayeandika programu yake mwenyewe huanguka mahali pamoja: anaiuliza STUN kwa soketi moja (mlango ambao programu hufungua kwenye mtandao), kisha anafungua soketi nyingine kwa data. Soketi mpya ni poti mpya, poti mpya ni mstari mpya, na ile anwani aliyompa mwenzake ni ya mlango ambao hautumii tena. Swali la STUN na data lazima vitoke kwenye soketi ileile.

Yote haya ni ya UDP. Kwa TCP, inayofungua muunganisho kwanza, inawezekana, lakini baadhi ya NAT badala ya kutupa pakiti isiyojulikana humjibu mtumaji kwa kukata simu, na jaribio linakufa hapohapo. Bryan Ford, Pyda Srisuresh na Dan Kegel walichapisha mwaka 2005 vipimo vya ruta nyingi za wakati huo: takriban asilimia 82 zilikubali kutobolewa kwa UDP, na 64 kwa TCP. Ndiyo sababu programu karibu zote za aina hii hutembea juu ya UDP, hata zile zinazobeba mafaili.

NAT ngumu

Maelezo yaliyotangulia yana dhana iliyojificha: kwamba poti 40112 aliyoiona STUN ndiyo Dodoma nao watakayoiona. Kwa NAT laini ndivyo ilivyo. Kompyuta ikitumia soketi moja kuwaandikia watu kumi, wote kumi wanaona poti ileile ya nje. NAT ngumu hufanya vingine: kwa kila mtu mpya inatoa poti mpya. STUN ikaona 40112, na Dodoma wakiandikiwa wataona 52978. Anwani waliyopewa imeshapitwa na wakati kabla hawajaitumia. CGNAT za laini za simu zipo za aina zote mbili, na hakuna kibandiko cha kukuambia ipi ni ipi, lazima upime.

Kipimo ni kuziuliza seva mbili tofauti za STUN kutoka poti moja. Ukiwa na programu ya `stunclient`, andika `stunclient --localport 40000` na jina la seva ya kwanza, kisha haraka andika tena kwa seva ya pili. Poti ya nje ikiwa ileile, NAT ni laini. Ikitofautiana, ni ngumu. Anayetumia Tailscale, programu inayotoboa tundu yenyewe, aandike `tailscale netcheck` na kutazama mstari wa `MappingVariesByDestIP`: ukisoma false ni habari njema. Pima ghalani, kwa laini itakayotumika ghalani. Majibu ya laini nyingine, hata ya kampuni hiyohiyo kwenye simu yako, hayakupi uhakika.

Laini kwa laini, tundu hutoboka. Ngumu kwa laini, inawezekana kwa kubahatisha kwa hesabu. Upande mgumu unafungua soketi 256, kila moja ikipata poti yake ya nje. Upande laini unapiga poti za nje moja baada ya nyingine bila mpangilio. Poti ziko 65,536, kwa hiyo kila jaribio lina nafasi moja kati ya 256. Ukifikisha majaribio 174 hivi umefika nusu kwa nusu. Ukifikisha 1,024 nafasi ya kufanikiwa inapita asilimia 98. Kwa kasi ya pakiti 100 kwa sekunde hizo ni sekunde kumi na kidogo. Ngumu kwa ngumu, idadi ya majaribio inapanda mno, na kabla hujafika CGNAT inaweza kukuona kama mshambuliaji au jedwali la ruta ndogo likajaa na kuangusha intaneti ya ghala zima. Hapo acha, tumia seva ya kupitishia.

Ukishaelewa haya, kazi ya ICE inakuwa nyepesi kuieleza. Ni utaratibu wa kukusanya anwani zote zinazowezekana (ya ndani, ile iliyoonwa na STUN, na ya seva ya kupitishia), kuzibadilishana, kuzijaribu zote kwa jozi, na kuchagua iliyo bora kati ya zilizojibu. Anwani ya ndani inajaribiwa kwa sababu huenda kompyuta hizo mbili ziko ofisi moja, na kuna ruta zisizoweza kurudisha ndani pakiti iliyotoka ndani ikielekea anwani yake yenyewe ya nje. Simu za video za kwenye kivinjari hufanya hivi kila siku bila mtumiaji kujua.

Pakiti ikilazimika kupita kwa mtu wa kati

Seva ya kupitishia, inayofuata utaratibu wa TURN, ni yule dalali sasa akibeba magunia mwenyewe mgongoni. Kila baiti inaingia kwake na kutoka kwake. Kamera moja ya megabiti 2 kwa sekunde ikitazamwa saa 8 ni kama GB 7.2, kwenye seva hiyo zinaingia 7.2 na kutoka 7.2. Kwa anayelipia seva kwa GB, hiyo ndiyo bili.

Mahali seva ilipo pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwanga ndani ya mkongo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za njia zinakula milisekunde 10 kwenda na kurudi. Seva ikiwa Ulaya, pakiti ya kutoka Kibaigwa inashuka Dar es Salaam, inavuka bahari, inafika Ulaya na kurudi njia yote ili ifike Sabasaba, mwendo wa basi wa saa moja na ushee kutoka ilikoanzia. Faili litafika. Kuendesha kompyuta ya mbali kwa kipanya kutakuwa kama kusukuma mkokoteni kwenye tope. Ukikodi seva, itafute Dar es Salaam, na ikikosekana, kwingine Afrika, kabla ya kwenda mbali zaidi.

Kwa ofisi nyingi ndogo ushauri wetu ni huu: sakinisha Tailscale, ZeroTier au NetBird pande zote mbili. Zinafanya STUN, kutoboa tundu na kupitisha kwa seva bila wewe kuandika chochote. Kisha usiishie kwenye "inafanya kazi". Andika `tailscale ping` na jina la kompyuta ya ghalani: jibu likitaja anwani na poti, mko ana kwa ana, likitaja DERP, mnapita kwa seva ya kati. Mistari miwili mitatu ya mwanzo kutaja DERP ni kawaida, kwani tundu linatobolewa wakati huohuo. Ikiendelea hivyo, jaribu kwanza kufungua UDP 41641 kwenye ruta ya mjini. Upande mmoja ukilainika, mara nyingi mwingine unafuata.

IPv6 inaondoa kubadilishwa kwa anwani, kwa hiyo habari ya laini na ngumu inaisha. Fayawoli inabaki, nayo bado hutupa asiyeitwa, na kutoboa bado kunahitajika. Ila sasa kunafaulu karibu kila mara. Angalia kama laini zote mbili zinatoa IPv6. Upande mmoja tu hautoshi.

Yanayoharibika baada ya fundi kuondoka

Tuanze na yale ya printa. Ofisi na ghala zote zikiwa 192.168.1.0, kompyuta haitapeleka pakiti kwenye njia ya ghalani hata kama njia ipo; itaitafuta 192.168.1.20 chumbani humohumo. Badilisha upande mmoja uwe 192.168.37.0 au namba yoyote isiyo ya kiwandani, na ufanye hivyo siku ya kwanza, kabla printa, kamera na mizani hazijapewa anwani za kudumu.

Dalili nyingine inayowatesa watu: ping inajibu, faili dogo linapita, faili kubwa linaganda asilimia sifuri. Hiyo ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti moja. WireGuard huweka 1420 ikidhani njia inabeba baiti 1500. Laini ya simu au ya PPPoE (intaneti ya waya inayoingia kwa jina na nenosiri) inaweza kubeba pungufu, na pakiti nene zinapotea njiani. Andika `MTU = 1280` pande zote mbili ujaribu tena.

Ikiwa WireGuard imewekwa kwenye ruta yenyewe, umeme ukikatika ghalani na ruta isiyo na betri ya saa ikiwaka, inaweza kuamka ikidhani ni mwaka uliopita. WireGuard huweka muda kwenye salamu yake, na upande wa mjini hukataa salamu yenye muda wa nyuma kuliko ya mwisho aliyoipokea, ikidhani ni ya zamani inayorudiwa na mwizi. Unaona kila kitu kimewaka na hakuna kinachoungana. Hakikisha ruta inasoma saa kwa NTP (huduma ya saa ya intaneti) nje ya WireGuard, kwa sababu ikisubiri njia ifunguke ndipo isome saa, vyote viwili vitasubiriana.

Ofisi yenye laini mbili za intaneti zinazogawana mzigo nayo huharibu tundu: swali la STUN linatoka kwa laini moja, data inatoka kwa nyingine. Funga kompyuta husika kwenye laini moja. Na kuna ofisi na taasisi zinazozuia UDP yote isipokuwa ya DNS, ya kutafuta anwani za majina ya tovuti. Huko hakuna cha kutoboa, programu itaangukia seva ya kati kupitia TCP 443. Kwenye Windows, mtandao uliowekwa kama wa hadharani huzuia wageni hata njia ikiwa wazi kabisa, kwa hiyo kagua hilo kabla ya kuilaumu NAT.

Kabla ya kukabidhi kazi, zima ruta ya ghalani ukutani, kunywa chai, iwashe baada ya dakika kumi, usiguse kompyuta yoyote pale Kibaigwa, na umpigie mtu wa mjini avute faili la mizani.